Tumbo la mwanambuzi kabla hajaonja kitu

Ami yangu anafuga mbuzi huko Hindi, bara ya Lamu, na ana neno lake moja ambalo halibanduki: mwanambuzi huzaliwa na tumbo la maziwa tu, la majani humea baadaye. Hulisema akiwa ameegemea ua wa miba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata shauri. "Hebu nambiya weye uliyesoma," huniuliza, "tumbo la kucheulia litakuwaje na mwenyewe hajajua jani ni kitu gani?"

Liko, ami. Liko miezi kabla ya mama yake kushikwa na uchungu. Tena halikai bure likingoja siku ya kuanza kazi: limeshawekewa neva zake na seli zake za kutoa homoni, kila moja mahali pake. Hiyo ndiyo sehemu ya habari inayonishika mimi kuliko zote, na kila nikianza kuieleza kwa mdomo hukatizwa kabla sijafika penye utamu. Basi leo naiandika yote.

Kazi yangu ni afya ya mifugo huku Lamu, na sehemu yake ni ukaguzi wa nyama chinjioni. Mbuzi wengi wanaoliwa mjini Amu, yaani Lamu yenyewe, huletwa kutoka bara: Hindi, Witu, Mpeketoni na kwingineko, na wengine huvushwa wakiwa hai kwa boti kutoka Mokowe. Mkaguzi hufungua matumbo kutwa. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyashika kwa mikono kabla ya kuyasoma.

Kwanza nimpe ami haki yake. Mbuzi mzima akipasuliwa, kitu cha kwanza kukukabili ni tumbo la kwanza, rumeni, limejaa upande wa kushoto kuanzia kwenye kiwambo kinachotenga kifua na tumbo mpaka karibu na nyonga. Limeungana na la pili, retikulamu, lenye vijumba vijumba kwa ndani. Lafuata la tatu, omasamu, lenye matabaka membamba yaliyopangana. Mwisho ni la nne, abomasamu, na hilo ndilo lenye tezi na asidi, tumbo hasa kwa maana tunayoijua sisi wenye tumbo moja. Sasa mpasue mwanambuzi aliyekufa siku aliyozaliwa. Mambo yamegeuka: la nne ndilo kubwa, limetuna, na rumeni ni kifuko kilichonywea pembeni. Mfugaji akikiona hicho hana makosa kufikiri kwamba tumbo la majani bado halijaja.

Ila udogo si kutokuwako. Na hapa lazima tuingie ndani ya mimba.

Ukame wa 2020 hadi 2023 wafugaji wengi wa bara waliuza mbuzi majike ambao miaka mingine hawangeuzwa, na wengi wao walikuwa na mimba ambazo hata mwenyewe hakuzijua. Chinjioni mimba hiyo huonekana tukiwa tumeshachelewa. Kijusi hupimwa kutoka utosini hadi shina la mkia, na kwa urefu huo hukadiriwa umri wake. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kondoo karibu na hapo hapo, ng'ombe miezi 9 na siku kadhaa. Nimeona vijusi vya kila umri, kuanzia kile kinachotoshea kwenye kiganja mpaka kile ambacho manyoya yameshaota na kwato zimeshapata umbo, laini bado, rangi ya pembe changa.

Kwenye mimba changa kabisa, ya wiki nne hivi, tumbo ni bomba moja tu lililotuna katikati. Hakuna vyumba. Halafu bomba hilo huanza kuvimba upande mmoja na kubonyea mwingine, hujizungusha, na kufikia wiki ya sita au ya saba vyumba vyote vinne vimeshatambulikana kwa jicho la hadubini. Vyote vinne vinatokana na bomba lile lile la tumbo. Zamani walikuwako wataalamu waliosema vyumba vitatu vya mbele ni sehemu ya umio iliyopanuka, na si ajabu, kwa sababu ngozi yake ya ndani ni ngumu, ya matabaka, haina tezi, imefanana na ya umio. Waliofuata ukuaji hatua kwa hatua wakaona sivyo. Rumeni ni tumbo kwa asili yake. Tena katikati ya mimba si ndogo hata kidogo ukiilinganisha na wenzake. Ni kuelekea mwisho wa mimba ndipo abomasamu inapokua kwa kasi na kuipita, maana kiumbe anajiandaa kwa maziwa. Kwa hiyo kile kifuko kilichonywea ambacho ami hukiona siku ya kuzaliwa kilianza mapema, kikangojeshwa.

Sasa tuje kwenye neva.

Nilipokuwa mwanafunzi Nairobi tulifundishwa kuandaa vipande vya tumbo la kijusi kwa hadubini. Kinakatwa kipande kidogo, kinalazwa kwenye formalini kisioze, kinapitishwa kwenye alkoholi mpaka maji yote yatoke, halafu kinazamishwa kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa. Ikishaganda, kisu cha mikrotomu kinaikata vipande vya unene wa mikromita 5, yaani sehemu ya 200 ya milimita moja. Vipande hutoka vimeungana utepe, unavielekeza kwa brashi juu ya maji ya uvuguvugu vikunjuke, unavinasa kwa kioo. Pumzi yako tu yaweza kuvipeperusha. Kisha unavimwagia kingamwili, yaani protini ya kinga, iliyotengenezwa kushika protini moja tu na kuacha nyingine zote, na mahali iliposhika unapatia rangi ya kahawia. Viini vya seli nyingine vinabaki buluu.

Kioo cha kwanza nilichokitazama kikiwa kimetoka vizuri sijakisahau. Ukuta wa tumbo la kijusi, buluu tupu ya seli changa zilizosongamana, na ndani ya buluu hiyo, baina ya tabaka mbili za misuli ambazo zenyewe zilikuwa ndio kwanza zinaanza kujipanga, mafungu madogo ya kahawia. Matatu hapa, manne pale, mstari unaozunguka ukuta mzima. Kila fungu lilikuwa na seli kadhaa kubwa zenye kiini cheupe cheupe, na pembezoni mwake seli nyembamba zikizikumbatia. Zile kubwa ndizo neva. Nyembamba ni seli za glia, walezi wa neva, zinazozishika, kuzilisha na kuzilinda. Subhanallah, misuli yenyewe bado haijakomaa lakini wa kuiamrisha ameshafika.

Mtandao huo wa neva baina ya misuli ulielezwa na Leopold Auerbach, Mjerumani, miaka ya 1860, na ule mwingine ulio karibu na utando wa ndani ulielezwa na Georg Meissner mwaka 1857.  Swali la ulitoka wapi lilingoja miaka mingi.

Na jibu lake ni hili: neva za tumbo hazizaliwi tumboni. Zinasafiri.

Kiinitete kikiwa kingali kichanga, mgongoni pake hujikunja mfereji ambao utakuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Kwenye kingo za mfereji huo hutokea kundi la seli ambazo hazikai. Mara mfereji unapojifunga, zinabanduka na kuanza kuondoka kwenda kila upande wa mwili. Nyingine huishia kuwa seli za rangi ya ngozi, nyingine mifupa ya uso. Zile zinazotoka nyuma tu ya kichwa, eneo lile lile inapotokea neva kubwa ya vagasi, ile inayounganisha ubongo na tumbo, huingia kwenye bomba la chakula kwa upande wa juu, zikashuka na umio, zikafika tumboni, zikaendelea na utumbo mpaka mwisho. Njiani zinazaana, maana zikiondoka chache na zisizaane hazitafika. Ukuta wa utumbo wenyewe hutoa protini iitwayo GDNF ya kuziita, na seli hizo zina kipokezi, RET, cha kuisikia. Kundi jingine dogo hutoka upande wa mkia na kukutana nazo kwenye utumbo mpana. Kwa binadamu safari ya hao wa mbele huanza wiki ya 4 ya mimba na kumalizika kama wiki ya 7. Tumbo, kwa kuwa liko karibu na mwanzo wa njia, hupata neva zake mapema. Sehemu ya haja kubwa hupata mwisho.

Aliyelidhihirisha hili ni Nicole Le Douarin, mwanamke Mfaransa, na namna alivyofanya ni ya kustahiwa. Aligundua kwamba viini vya seli za kware vina alama inayoonekana chini ya hadubini ambayo seli za kuku hazina. Basi akachukua kipande cha mfereji wa kiinitete cha kware akakipandikiza kwa kiinitete cha kuku ndani ya yai, mahali pale pale, akaliziba yai akaliacha likue. Kifaranga alipokuwa tayari, palipo na seli yenye alama ya kware pakajulikana kuwa imetoka kule mgongoni. Mwaka 1973 yeye na mwenzake Marie-Aimée Teillet walieleza hivyo asili ya neva za tumbo na utumbo. Bila rangi ya kudungwa, bila mashine kubwa. Mayai, sindano nyembamba na mkono usiotetemeka.

Na seli za homoni je? Hapa ndipo kisa kinapopamba moto.

Lazima kwanza nieleze tulivyojua kuwa tumbo linatoa homoni, maana wengi hudhani homoni ni mambo ya uzazi tu. Mwaka 1902, London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zinazokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho, lililo mbali na hapo, likatoa maji yake vile vile. Neva hakuna, habari imefikaje? Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga, wakaudunga kwenye damu, na kongosho likaitika tena. Dawa hiyo ya mwilini waliiita sekretini. Mwaka 1905 Starling ndiye aliyelitumia neno homoni kwa mara ya kwanza, na mwaka huo huo John Edkins akatangaza gastrini, ile inayochochea tumbo kutoa asidi. Tangu hapo ikajulikana kwamba tumbo lina njia mbili za kupeleka habari: kwa neva, na kwa damu.

Seli zinazotoa homoni hizi hazikai pamoja. Zimetawanyika moja moja katika utando wa ndani, seli moja baina ya jirani zake wa kawaida. Kwenye mifugo inayocheua utazitafuta zaidi kwenye chumba cha nne, mle mwenye tezi. Za gastrini ziko sehemu ya mwisho ya abomasamu, karibu na mlango wa kutokea. Ziko za somatostatini, ambayo hutuliza na kuzuia. Ziko za serotonini, na serotonini nyingi ya mwili mzima iko kwenye njia ya chakula, si kichwani kama watu wanavyodhani. Iko grelini, ya njaa, iliyopatikana Japani mwaka 1999 katika tumbo la panya, na kwa mifugo inayocheua nayo hutoka zaidi kwenye chumba cha nne.

Ukizitazama kwa kingamwili, hizi seli za homoni na zile za neva zinafanana kwa mengi ajabu. Zina vijifuko vya kutunzia kemikali, zina baadhi ya protini zile zile, hata rangi zinashika pamoja. Kwa sababu hiyo, miaka ya 1960 Anthony Pearse, mtaalamu mkubwa wa London, alitoa rai kwamba zote ni ukoo mmoja: kwamba seli za homoni za tumbo nazo zimehama kutoka kwenye mfereji wa mgongo. Rai ilikuwa nzuri, imepangika, na wengi waliikubali. Lakini kware wa Le Douarin hawakuiunga mkono. Vifaranga waliopandikiziwa walikuwa na neva za kware tumboni, lakini seli za homoni za utando zilikuwa za kuku mwenyewe. Zimezaliwa pale pale, katika utando wa ndani wa bomba, ndugu wa seli za ute na za asidi. Utafiti wa baadaye kwa panya ulithibitisha hivyo.

Mtu wa Amu ataielewa hali hii upesi. Mji una waliokuja na jahazi kwa pepo za kaskazi, wakashuka, wakaoa, wakajenga, na una wazalia ambao hawajatoka mtaani. Baada ya muda wote wanavaa kanzu moja na kusema lugha moja, na mgeni wa leo hawezi kuwatenganisha. Tumboni ndivyo. Neva na glia walikuja. Seli za homoni ni wazalia.

Kuna tofauti nyingine inayotokana na hiyo, na mimi huiona nzito zaidi. Seli za homoni, kwa kuwa ni za utando, hufa na kuzaliwa upya tena na tena maisha yote ya mnyama, kutoka kwenye seli mama zilizoko ndani ya tezi. Neva hazibadilishwi hivyo. Mtandao aliowekewa mwanambuzi kabla hajazaliwa ndio atakaotegemea akinyonya, akila, akicheua, mpaka siku anayoletwa kwangu.

Huko Hispania, Chuo Kikuu cha Extremadura, wako watafiti waliotumia miaka kufuata jambo hili kwa kondoo, mbuzi na kulungu: kijusi baada ya kijusi, chumba baada ya chumba, wakiangalia neva, glia na seli za homoni zinaonekana lini. Nilipokutana na kazi yao nilifurahi kama niliyepokea barua ya jamaa. Huku kwetu mbuzi ndio akiba ya mtu, ndio mahari, ndio ada ya shule, na mara nyingi anayemwandika kwa undani yuko mbali.

Mfano wa kile neva zinachofanya siku ya kwanza: mlizamu. Kutoka mwisho wa umio, kupita kwenye ukuta wa ndani wa retikulamu, kuna mfereji wenye midomo miwili ya nyama. Mwanambuzi akinyonya, habari hutoka kinywani na kooni, hupanda kwenye shina la ubongo, hurudi kwa neva ya vagasi, na midomo ile hukaza na kujifunga ikawa bomba. Maziwa hayaingii rumeni ila kidogo sana. Yanateremka mpaka chumba cha nne, ambako kimeng'enya cha kuganda maziwa kinayangoja. Hana wa kumfundisha. Anasimama, anayumba, anatafuta chuchu, anaipata, na mara ya kwanza anapomeza mfereji unajifunga. Hiyo ndiyo sababu mwanambuzi yatima hatakiwi kumiminiwa maziwa kooni kwa kikombe. Akimiminiwa bila kunyonya, mfereji huenda usijifunge, maziwa yanamwagika rumeni, yanachacha, na tumbo linajaa gesi. Mpe chupa yenye chuchu, maziwa yawe na joto la mwili, shingo yake iwe imenyooka mbele kidogo juu, vile angesimama chini ya mama. Wanawake wa Hindi wanaolea yatima jikoni wanalijua hili bila kusoma popote.

Na maziwa ya kwanza yawe dang'a. Kondo la mbuzi halipitishi kingamwili za mama kwenda kwa mtoto kama la binadamu linavyofanya, kwa hiyo kinga yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo huwa wazi kuzipokea saa chache tu. Zikifika saa 24 hivi mlango umefungwa. Katika saa hizo tumbo nalo bado halijamwaga asidi kwa nguvu, na hilo ni rehema, maana asidi kali ingezivunja kingamwili zile kabla hazijafika utumboni. Kukamua dang'a na kuimwaga eti ni chafu, jambo ninaloliona bado, hunitia uchungu wa kweli.

Rumeni huamka baadaye. Wiki ya pili mwanambuzi huanza kudokoa majani, vijidudu vya kuchachusha vinaingia kwa kulambwa na mama na kwa kila anachotia kinywani, na asidi zinazotokana na uchachu ndizo zinazoamsha vijinyama vya ukuta kukua. Mpe majani makavu laini mapema. Kufikia wiki ya nane hivi tumbo linaelekea kuwa la mkubwa, na misukosuko ya rumeni, mara moja au mbili kwa dakika, unaisikia ukiweka ngumi ubavuni kushoto. Kila msukosuko ni amri ya vagasi. Vagasi ikijeruhiwa, kwa mfano ng'ombe akimeza waya ukapenya ukuta wa retikulamu, tumbo hukaa likijaa lisishuke. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017 naikuta kidogo kuliko zamani, lakini vipande vya nyavu za nailoni bado natoa rumeni, vimesokotana na nyasi mpaka vimekuwa fundo gumu, na hakuna neva itakayolisukuma hilo.

Safari ya neva isipokamilika ni shida nyingine. Kwa binadamu, mtoto mmoja kati ya 5,000 hivi huzaliwa na sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva, kwa sababu seli zilizokuwa zikishuka hazikufika. Harald Hirschsprung, daktari wa Copenhagen, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Mtoto hapati choo, tumbo linavimba, na tiba ni upasuaji wa kuondoa kile kipande. Mtoto mchanga ambaye saa 48 zimepita hajapata choo chake cheusi cha kwanza apelekwe hospitali, asipewe mafuta nyumbani.

Wako watakaoniuliza punda, maana Amu ni mji wa punda. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja tu, uchachu wake hufanyika nyuma kwenye utumbo mpana, na mimba yake ni ya miezi 12 hivi. Lakini neva zake zilisafiri njia ile ile.

Nirudi kwa wafugaji, kwa mambo mawili. Msingi wote huu huwekwa mapema, miezi ambayo mbuzi haonyeshi dalili yoyote. Kwa hiyo dawa ya minyoo ya albendazole usimpe jike katika mwezi wa kwanza baada ya kupandwa. Inadhuru kiinitete, na maelezo ya dawa yenyewe yanakataza. Andika siku beberu alipopanda, hata kwa mkaa ukutani.

La pili ni kabla ya kuuza. Rumeni imeshika kushoto, basi mimba husukumwa kulia. Mbuzi asimame, wewe uwe nyuma yake, weka viganja chini ya tumbo upande wa kulia mbele ya kiwele, inua polepole uachie ghafla. Mimba ikishapita miezi mitatu utasikia kitu kigumu kinaondoka kikirudi kugusa mkono. Fanya asubuhi kabla hajala, tumbo likiwa jepesi. Ukikisikia, mrudishe zizini, umchague mwingine.